Tumeshinda, tumeshindwa: kumhoji mwanasiasa kwa lugha isiyo yake

Kati ya "tumeshinda" na "tumeshindwa" kuna herufi moja. Kati ya "askari waliua" na "askari waliuawa" kuna silabi moja, na silabi hiyo ndiyo inayomtenga muuaji na marehemu. Aliyekulia ndani ya Kiswahili haidondoshi hata akiwa na usingizi. Aliyejifunza ukubwani, amesimama juani mbele ya maikrofoni sita na msaidizi anamvuta mkono waondoke, huimeza. Ubaya wa kosa hili ni kwamba halina dalili. Sentensi inayobaki ni safi, ngeli zimekaa mahali pake, lafudhi inapitika, na mhariri hana sababu ya kuitilia shaka.

Mtu akisikia habari ya kutoelewana kwenye mahojiano, mawazo humwendea kwenye vichekesho. Mei 2018, akiwa Sydney, Emmanuel Macron alimshukuru Waziri Mkuu wa Australia, Malcolm Turnbull, pamoja na mkewe, na kwa Kiingereza akamsifu mama huyo kwa neno linalosemwa juu ya chakula kitamu. Kifaransa kina neno linalofanana nalo, "délicieux", ambalo mtu mchangamfu na wa kupendeza huweza kusifiwa nalo bila aibu. Watu wakacheka na mambo yakaisha, kwa sababu kila aliyesikia alijua palepale kwamba neno limepotea njia. Kosa linalojitangaza halina haja ya daktari. La kuogopa ni sentensi iliyonyooka ambayo msemaji hakuikusudia.

Na wa kuikamata ni mhoji. Mara nyingi yeye ndiye aliyechagua lugha, yeye ndiye anayekata na kuunga sauti, na neno la mwisho ni lake. Mhojiwa hawezi kurekebisha kosa asilojua kwamba amelifanya.

Ndiyo ya nani?

Nikiambiwa nipige marufuku aina moja tu ya swali, nitachagua swali la kukanusha. Mhoji anauliza: "Mheshimiwa, hukupokea barua ya tume?" Mheshimiwa anajibu: "Hapana." Je, alipokea au hakupokea?

Kwa Kiswahili cha mazoea, "ndiyo" huafiki kauli iliyotangulia na "hapana" huipinga. Hukupokea? Ndiyo, sikupokea. Hukupokea? Hapana, nilipokea. Kijapani nacho hufuata mkondo huo. Kiingereza hakijali muulizaji kasema nini, kinatazama tukio lenyewe: kama barua haikupokewa, jibu ni "no", swali liwe limekanusha au halikukanusha. Kifaransa na Kijerumani vina neno la tatu, "si" na "doch", lenye kazi ya kubatilisha ukanusho wa muulizaji. Kwa hiyo anayefikiri kwa Kiingereza na kusema Kiswahili, akijibu "hapana", ana maana kwamba barua hakuipata. Msikilizaji wa mazoea anasikia kwamba aliipata na sasa anamsahihisha mhoji. Jibu la herufi sita, na tayari kuna mawaziri wawili tofauti.

Usidhani kujua lugha ya kwanza ya mhojiwa kutakuokoa. Waswahili wengi waliosoma kwa Kiingereza siku hizi hujibu kwa mtindo wa Kiingereza, na hata mtu mmoja huruka kutoka mtindo huu hadi ule katika mazungumzo yaleyale. Dawa ni kuliunda swali upya: "Barua ya tume ilikufikia, au haikukufikia?" Swali lenye pande mbili halijibiki kwa "ndiyo" wala "hapana", na anayejaribu kulijibu hivyo amekuonyesha kwamba hakulielewa. Kama swali limeshakutoka vibaya, mwombe arudie kwa sentensi nzima. Watu wa redio wana kisingizio kizuri, kwamba sauti ya mhoji itakatwa na jibu lazima lisimame peke yake. Kisingizio hicho ni cha kweli, na hakimvunjii mtu heshima.

Kuna "ndiyo" nyingine ambayo si jibu kabisa. Wewe unaeleza utangulizi mrefu wa swali, kwamba wananchi wanalalamika, kwamba fedha zimechelewa, kwamba upinzani unaidai serikali maelezo, na mhojiwa anaitikia "ndiyo… naam… ndiyo" kukuonyesha kwamba anakufuata. Anayesema lugha ya kigeni huitikia hivyo zaidi kuliko kawaida, kwa sababu anatumia nguvu nyingi kufuata na anataka uone kwamba hajapotea. Klipu ikikatwa vibaya, kila "ndiyo" inageuka kukiri. Kwenye unukuzi, miitikio hiyo iandikwe kando kama sauti za kuitikia, isipewe mstari wake. Dawa kubwa zaidi ni kufupisha utangulizi. Swali lenye sentensi zaidi ya mbili kabla ya alama ya kuuliza ni hotuba, na mhojiwa atajibu kile kipande alichokielewa.

Maneno yenye milango miwili

"Kukubali" kwa Kiswahili ni kuafiki, ni kuridhia, na ni kukiri. Mhoji anapouliza "Unakubali kwamba uchaguzi ulikuwa na kasoro?", mgeni wa lugha aliyelijua neno hili kwa maana ya kupokea hujibu "Ninakubali ripoti ya waangalizi", yaani ameipokea na ataisoma. Jioni kichwa cha habari kinasema amekiri. Ndugu yake ni "kukataa", ambalo hubeba kukana na kugoma kwa pamoja. "Serikali imekataa mazungumzo" inaweza kuwa serikali inayosema hakuna mazungumzo yaliyofanyika, au serikali isiyotaka kukaa mezani. Habari hizo mbili zinapingana, na zote zimo katika maneno matatu. Kiswahili kinayo maneno makali zaidi: kukiri, kukana, kuafiki, kuridhia, kugoma. Yatumie kwenye swali lako, kwa sababu anayesema lugha isiyo yake huazima msamiati wa muulizaji. Ukimpa neno butu atakurudishia neno butu.

Hatari zaidi ni maneno ambayo upande mmoja ni wa kiofisi na upande wa pili ni wa vitisho. "Tutawashughulikia wakimbizi wote" huenda ni ahadi ya maji na mahema. Kwa sikio la mtaani, kushughulikiwa ni kitu ambacho mtu hukimbia. "Wahusika" ni wadau waliojulishwa, na ni watuhumiwa wanaosakwa. "Jeshi litajibu" linaweza kumaanisha kwamba msemaji wa jeshi atatoa taarifa saa kumi, au kwamba makombora yatatoka. Mgeni amelitoa neno kwenye kamusi akiwa na maana moja kichwani, wala hajui kwamba limekuja na kivuli. Hapa kuuliza tena hakuepukiki: "Mtawashughulikia kwa namna gani?" Swali fupi kama hilo humtoa kwenye nomino na vitenzi vya jumla na kumpeleka kwenye vitendo, na vitendo ni vigumu kuvitafsiri vibaya.

Mapacha wa uongo kati ya lugha mbili wana balaa lao. "Éventuellement" ya Kifaransa na "eventuell" ya Kijerumani maana yake ni huenda, ila pacha wao wa Kiingereza, "eventually", anasema hatimaye. Waziri anayesema Kiingereza kwa akili ya Kifaransa akiulizwa kama majeshi yataondoka, na akatumia neno hilo, amesema huenda yakaondoka. Mwandishi ameandika kwamba yataondoka, ni suala la muda tu. "Contrôler" ni kukagua, na "to control" ni kudhibiti: askari wanaokagua magari mpakani wanageuka askari wanaoushika mpaka. "Demander" ni kuuliza au kuomba, na "to demand" ni kudai. Ukimhoji kwa Kiingereza mtu aliyesomea Kifaransa, weka maneno haya matatu kwenye kona ya karatasi yako. Likitoka mojawapo, simama hapohapo.

Kisha kuna vitenzi vya hiari na lazima, ambako historia yetu ya Afrika ina mfano wake mzito. Katika Mkataba wa Wuchale wa 1889, kifungu cha 17 kwa Kiamhari kilimwachia Mfalme Menelik wa Ethiopia hiari ya kuitumia Italia katika mawasiliano yake na mataifa mengine. Kwa Kiitalia kilichukuliwa kuwa wajibu, na Italia ikatangaza kwamba Ethiopia iko chini ya ulinzi wake. Mgogoro ule ulifika hadi vita vya Adwa mwaka 1896. Hayakuwa mahojiano, lakini tatizo ni lilelile la "anaweza" na "lazima". Wanaojifunza Kiswahili huponzwa zaidi na "-nge-". "Tungewakamata" ni sharti, kuna "kama" inayosubiri kutimizwa. Mgeni huitumia kama njia ya adabu ya kusema "tutawakamata", na kinyume chake. Ukisikia "-nge-" isiyo na "kama" karibu yake, uliza: "Mngewakamata kama nini kingetokea?"

Wakati uliokanushwa ni mtego mwingine ambao hata wahariri wazoefu huuruka. "Hatukumkamata" ni tukio lisilotokea, mambo yameisha. "Hatujamkamata" inaacha mlango wazi: bado, na tunatarajia. Lugha nyingi hazitenganishi hivyo, na wanafunzi wengi hushika kimoja na kukitumia kwa yote. Mkuu wa polisi anayesema "hatujamkamata kiongozi wa upinzani" akitaka kukanusha uvumi, amewaambia Waswahili kwamba pingu ziko njiani. Mhoji asikimbilie kumsahihisha sarufi. Amuulize: "Je, kuna mpango wa kumkamata?"

Tarakimu nazo. "Elfu ishirini na tano" inaweza kuwa 25,000 na inaweza kuwa 20,005. Msikilizaji huamua kwa kukisia, na kwa fedha za umma au idadi ya waliokufa kukisia hakufai. "Elfu mia mbili" ni 200,000, ila mgeni akisahau kiunganishi cha "elfu na mia mbili", amezidisha 1,200 zake kwa zaidi ya mara 160. Mjerumani huhesabu "tano na arobaini" kwa 45, hivyo hubadilisha nafasi za tarakimu anapoharakisha. Mfaransa wa Ufaransa hulijenga neno la 70 kwa sitini na kumi, na la 90 kwa ishirini mara nne na kumi. "Milliard" ya Kifaransa ni bilioni ya Kiingereza, na "billion" ya Kifaransa ni trilioni. Wachina na Wajapani hukusanya namba kwa makumi elfu, kwa hiyo milioni kwao ni "mia za makumi elfu", na sifuri moja hupotea njiani kirahisi. Ukihoji kwa Kiingereza, 15 na 50 hutofautishwa kwa sehemu kubwa na mkazo, na mkazo ndio wa kwanza kuharibika mdomoni mwa mgeni.

Kwa namba, sikio halitoshi. Andika tarakimu kwenye karatasi kwa sifuri zake zote, mwonyeshe mhojiwa, mwache aguse au aandike yake. Sekunde tano zinatosha. Saa nazo ziandikwe: anayefikiri kwa Kiingereza akasema "vituo vitafunguliwa saa nane" huenda ana maana ya saa mbili asubuhi. Mwongezee "asubuhi" au "mchana" na umtazame usoni.

Upole unaopotea

Makosa ya sarufi watu huyahesabu kuwa ya lugha. Makosa ya adabu huyahesabu kuwa ya tabia. Mtu akisema "vitu mengi", tunasema Kiswahili hakijamkaa. Akisema "nataka wananchi waondoke", tunasema ana kiburi. Ila kila anayejifunza lugha hujua "lazima" miezi mingi kabla ya "ingefaa", na "nataka" kabla ya "ningeomba". Maneno ya kupunguza makali, kama nadhani, kwa kiasi fulani, kwa jinsi ninavyoelewa, huja mwishoni mwa safari, na mtu akibanwa ndiyo ya kwanza kuanguka. Ndiyo maana mwanadiplomasia laini kwa lugha yake huweza kuwa mbabe kwa lugha yako.

Kinyume chake kipo pia, na husahaulika. Wapo wanaojificha nyuma ya lugha ya kigeni. Wanaulizwa swali gumu, wanatoa jibu lenye ukungu, na lawama zikija wanasema Kiingereza chao kiliwasaliti. Msomaji ana haki ya kujua kama ukungu ule ulikuwa wa lugha au wa siasa. Njia ya kujua ni kumpa nafasi palepale aseme kwa lugha yake, kinasa sauti kikiwa kinazunguka. Asiyejua neno atashukuru. Anayekwepa atakwepa kwa lugha zote mbili, na hapo una habari.

Tuzungumze juu ya "tutawazika". Tarehe 18 Novemba 1956, kwenye tafrija katika ubalozi wa Poland mjini Moscow, kiongozi wa Umoja wa Kisovyeti, Nikita Khrushchev, aliwaambia mabalozi wa nchi za Magharibi sentensi ambayo mkalimani wake aliitoa kwa Kiingereza neno kwa neno: tutawazika. Magharibi ilisikia tishio la vita. Kwa Kirusi usemi ule unaweza kubeba maana nyingine, kwamba mfumo wetu utaishi kuliko wenu, sisi ndio tutakaokuwepo kwenye mazishi yenu. Mwaka 1963, akiwa Yugoslavia, yeye mwenyewe alieleza kwamba hakuwa na maana ya koleo, bali kwamba tabaka la wafanyakazi wa nchi hizo ndilo litakalouzika ubepari. Cha kushangaza, Kiswahili kingemtendea haki kuliko Kiingereza. Kwetu kumzika mtu si kumuua. "Mzee tulimzika sisi" ni maneno ya mfiwa. Mkalimani wa Kiswahili angeweza kutafsiri neno kwa neno na maana zote mbili zingebaki. Tafsiri ya neno kwa neno, basi, haina ubaya wala uzuri wake yenyewe. Inategemea lugha ya pili inalipokeaje neno lile.

Kiwango cha mkalimani nacho si kitu kimoja. Desemba 1977 Jimmy Carter alifika Warsaw na mkalimani ambaye Kipolandi hakikuwa lugha yake ya kwanza. Carter aliposema ameondoka Marekani asubuhi ile, Wapolandi waliambiwa ameihama moja kwa moja. Aliposema amekuja kufahamu matarajio yao, neno lililotoka lilikuwa la tamaa ya kimwili. Ndiyo maana wakalimani hupendelea kutafsiri kuingia kwenye lugha yao ya kwanza: mgeni anaweza kuelewa kila kitu na bado asisikie harufu ya neno analolitoa. Ukipewa mkalimani na ofisi ya mhojiwa, muulize lugha yake ya kwanza ni ipi, na kama si lugha ya wasikilizaji wako, omba mtu wako akae pembeni asikilize tu. Mwombe pia mkalimani aseme "mimi" mhojiwa anaposema "mimi". Akianza na "anasema kwamba…", baada ya dakika kumi hutajua ni maoni ya nani. Kwa Kiswahili kuna shida ya ziada: "alisema aliagiza" haionyeshi mwanamume wala mwanamke. Kama rais ni mama na makamu ni mwanamume, anayekwenda Kiingereza lazima achague, na akichagua vibaya amebadilisha aliyetoa amri. Taja cheo kila mara, hata kama inachosha.

Kazi yenyewe, kwa mpangilio

Kabla ya siku, malizana kuhusu lugha kwa simu au barua: lugha ipi, kama kuchanganya kunaruhusiwa, kama mkalimani atakuwepo, na kama mhojiwa anaweza kusimama na kurudia jibu. Hili la mwisho wahoji wengi hulikataa wakiogopa kumpa mwanasiasa mwanya. Naona wanakosea. Mruhusu arudie, lakini weka sharti kwamba majibu yote mawili yanabaki kwenye rekodi. Mwulize pia anahesabu kwa lugha gani, kwa maana watu husali na kuhesabu kwa lugha ya utotoni hata wakiwa wameishi ugenini miaka 30. Wanasiasa wenyewe wana haki ya kukataa lugha. Septemba 2009 mwanasiasa wa Ujerumani Guido Westerwelle, akiwa Berlin mara baada ya uchaguzi, alikataa kujibu swali la mwandishi wa BBC kwa Kiingereza. Alichekwa sana, ila kwa upande wa kazi alichofanya kilikuwa salama kuliko Kiingereza cha kubahatisha. Vladimir Putin, ambaye Kijerumani anakijua kiasi cha kuhutubia bunge la Ujerumani kwa lugha hiyo mwaka 2001, katika mambo rasmi huongea Kirusi chake.

Tengeneza orodha ya maneno 8 hadi 12 ambayo mada yako haiwezi kuyakwepa. Kama mada ni ardhi, kuna umiliki, ukaazi, hati, fidia, kuhamisha, kuhamishwa. Kabla ya kuwasha kinasa, mwulize msaidizi wake maneno hayo wanayaitaje kwa lugha yao. Dakika tano. Humpi maswali, unampa msamiati. Hesabu muda pia: mkalimani anayesubiri sentensi iishe ndipo atafsiri hula karibu nusu ya muda, kwa hiyo nusu saa uliyopewa ni robo saa ya maneno yake. Punguza maswali, usiyafupishe majibu.

Ukishauliza, nyamaza. Wanaisimu waliopima mazungumzo katika lugha 10 walikuta pengo la kawaida kati ya swali na jibu ni kama milisekunde 200 tu, kwa hiyo sekunde mbili za kimya humtia mhoji kiwewe na anaanza kulieleza swali upya kwa maneno mapya. Kwa mhojiwa hilo ni swali la pili, wakati la kwanza alikuwa amefika nusu ya kulitafsiri. Hesabu hadi tano moyoni. Ukilazimika kurudia, rudia kwa maneno yaleyale kwanza. Ukibadilisha maneno, badilisha mara ya pili. Acha methali na misemo: "serikali imekalia kuti kavu?" litajibiwa kwa tabasamu na "ndiyo".

Kila jibu zito, lirudishe. Hapa ndipo watu hukosea hata wakiwa na nia njema. Wanarudisha kwa njia moja: "Kwa hiyo una maana mtafunga mpaka?" Mtu aliye ugenini katika lugha, asiyetaka kuonekana hajaelewa, atakubali karibu chochote kilichosemwa kwa sauti ya upole. Rudisha kwa njia mbili zenye uzito sawa: "Nimekusikia ukisema mpaka utafungwa. Ni uamuzi uliokwishatolewa, au ni jambo linalofikiriwa?" Mwache achague au atoe la tatu. Na "sisi" yake usiipite hivihivi, maana mdomoni mwa mwanasiasa ni chama, serikali, kabila, taifa, au yeye peke yake.

Baadaye, mezani, kuna swali la kusafisha. Je, unasahihisha sarufi ya mhojiwa? Kanuni ninayoiona inafaa kwa Kiswahili ni hii: upatanisho wa ngeli rekebisha bila wasiwasi, kwa sababu "vitu mengi" na "vitu vingi" ni taarifa ileile na kumwacha mtu aonekane mjinga si uaminifu. Lakini usiguse wakati, ukanusho, wala kauli ya kitenzi. "Tumeshinda" usiigeuze "tumeshindwa" kwa sababu tu unajua matokeo ya uchaguzi. Ama mpigie simu aithibitishe, ama itoe ilivyo na uandike kwa maneno yako mazingira yake. Na pale unaposhindwa kupata uthibitisho, usiweke alama za kunukuu.

Maandishi yanayopita chini ya picha yana njaa yake. Mistari miwili, herufi kama 42 kwa mstari, na mtazamaji anahitaji muda wa kusoma. Mtafsiri anayebana nafasi hutoa kwanza "nadhani", "huenda" na "kwa sasa", yaani yale yaleyale ambayo mgeni alihangaika kuyapata. Kama ni lazima kitu kiondoke, kiondoke kivumishi au jina la cheo ambalo tayari limo kwenye picha. Sauti ya mtafsiri ikiwekwa juu ya sauti ya asili, acha sekunde mbili tatu za asili mwanzoni na mwishoni, ili anayeijua lugha ile aweze kukukamata.

Ukiwa na dakika kumi tu kabla ya kurusha, usianze mwanzo wa rekodi. Nenda kwenye kila ukanusho, kila namba, kila kitenzi chenye "w" ya kutendwa, na kila "kukubali" na "kukataa". Kisha nenda kwenye sentensi uliyokwisha kuipenda kwa ajili ya kichwa cha habari, kwa sababu hiyo ndiyo ambayo huna hamu ya kuiuliza tena. Desemba 2015 Putin alimweleza Donald Trump kwa neno la Kirusi "yarkiy", linalosemwa juu ya rangi kali au mtu wa kuvuta macho. Kwa Kiingereza baadhi ya vyombo vililitoa kama sifa ya akili, Trump akawa anawaambia watu kwamba ameitwa gwiji, na Juni 2016 Putin ilibidi aeleze alichokuwa amekisema. Miezi sita, kwa neno moja la kivumishi.

Zhou Enlai, waziri mkuu wa China, ndiye aliyesubiri zaidi. Kwenye ziara ya Rais Nixon wa Marekani nchini China mwaka 1972 aliulizwa maoni juu ya athari za mapinduzi ya Ufaransa, akajibu kwamba ni mapema mno kusema. Dunia ikapata Mchina mwenye hekima, anayepima historia kwa karne. Mwaka 2011 Chas Freeman, mwanadiplomasia aliyekuwa mkalimani wa Nixon katika ziara ile, alieleza kwamba Zhou alielewa anaulizwa juu ya vurugu za wanafunzi wa Paris za mwaka 1968, ambazo zilikuwa na umri wa miaka minne. Waliokuwepo walijua, ila kauli ilikuwa tamu mno kuisahihisha. Hadi leo inanukuliwa ikiwa na maana isiyo yake.